Mbwa wetu mzee anamngurumia mtoto wa mbwa: je, tumwondoe?

Daktari,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia nikiwa na wasiwasi unaoninyima usingizi. Tunaishi Utawala, Nairobi, mimi, mume wangu na binti yetu Neema wa miaka saba, katika ploti ya hamsini kwa mia ambayo tuliizungushia ukuta mwaka tuliohamia. Mwaka huohuo shemeji yangu alituletea mbwa mchanga, mchanganyiko wa jamani shepadi na mbwa wa kienyeji, tukamwita Simba. Sasa ana miaka tisa. Kwa muda huo wote amelilinda boma hili bila kumdhuru mtu, na Neema alijifunza kutembea akishikilia manyoya ya mgongo wake.

Wiki mbili zilizopita, baada ya jirani yetu kuvunjiwa nyumba usiku, mume wangu alirudi na kijibwa ndani ya katoni. Alimnunua kando ya barabara. Muuzaji alimhakikishia kwamba ana miezi miwili na kwamba amekwisha kuchanjwa, lakini kadi ya chanjo hakupewa. Nia ya mume wangu ilikuwa njema: alisema Simba anazeeka, na ni vizuri mdogo ajifunze kazi mapema kutoka kwa mkubwa. Alimtoa kijibwa kwenye katoni, akamweka chini mbele ya pua ya Simba, kisha akawaacha wazoeane.

Hawakuzoeana. Kijibwa, ambaye Neema amempa jina la Chapati kwa sababu ya madoa yake ya hudhurungi, haogopi kitu. Humrukia Simba usoni, humng'ata masikio, na hujining'iniza kwa meno kwenye ngozi ya shingo yake mpaka Simba ainuke na kuhama. Simba akienda kulala kwenye gunia lake chini ya tangi la maji, Chapati humfuata hapohapo. Bakuli la Simba likiwekwa chini, Chapati ndiye wa kwanza kutia mdomo. Siku tatu za mwanzo Simba aligeuza uso tu. Siku ya nne alianza kunguruma, na kila aliponguruma mume wangu alimkemea na kumchapa kwa ndala. Jumamosi iliyopita, Chapati alipoingia kwenye bakuli kwa miguu yote miwili ya mbele, Simba alimrukia kwa kishindo. Kijibwa akalia kana kwamba anauawa, akakimbilia miguuni pangu. Tulipomkagua hatukuona jeraha, ila kichwa kilicholowa mate. Hata hivyo mume wangu alimchapa Simba kwa fimbo, na tangu siku hiyo amemfunga mnyororo nyuma ya nyumba, mchana na usiku.

Kinachoniumiza ni kwamba Simba amebadilika. Chakula hubakiza nusu. Asubuhi, hasa katika baridi hii ya Julai, huinuka kwa taabu: husimamisha miguu ya mbele kwanza, akatulia kidogo, kisha ile ya nyuma ikafuata huku ikitetemeka. Nikimwendea hatikisi mkia kama zamani. Jirani anasema mbwa mzee akishamchukia mdogo atammaliza tu, na mama mkwe amejitolea kumchukua Simba akae naye Machakos. Neema akisikia habari hiyo analia.

Nieleze, Daktari, bila kunificha: Simba amekuwa hatari? Tumpeleke Machakos, tumrudishe kijibwa, au kuna namna ya kuwafanya waishi pamoja?

Mama Neema, Utawala

*

Mama Neema,

Kabla ya maelezo yoyote, naomba mfanye jambo moja leo jioni: mfungueni Simba mnyororo. Chapati awekwe ndani ya nyumba, au kwenye stoo yenye mlango unaofungika, na Simba arudishiwe boma lake na gunia lake chini ya tangi. Mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka anaposumbuliwa, na mbwa asiyeweza kuondoka hubakiwa na silaha moja tu, nayo ni meno. Mkiendelea kumfunga huku kijibwa akizurura uani, mtakuwa mmeitengeneza ile hatari mnayoiogopa.

Kwa jinsi ulivyonieleza, Simba ni mbwa mzee aliyeomba kwa upole, akaomba tena kwa sauti, na mwishowe akapaza sauti zaidi kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza. Zile siku tatu alizogeuza uso hakuwa akimpuuza kijibwa. Mbwa anapogeuza kichwa, akajilamba midomo bila chakula mbele yake, akapiga miayo bila usingizi au akainuka na kwenda zake, anamwambia mwenzake: niache. Chapati hakuelewa, kwa sababu ni mtoto na huenda hakupata muda wa kufundishwa na mama yake, nitalirudia hilo. Ndipo Simba akanguruma. Mngurumo ni onyo, na mwenye mbwa anapaswa kulipokea onyo hilo kwa shukrani, kwa maana linampa nafasi ya kuingilia kati kabla ya mtu au mnyama kuumia.

Mbwa anayechapwa kila anaponguruma hajifunzi kumpenda kijibwa. Anajifunza kunyamaza, na pia anajifunza kwamba kila kijibwa anapokaribia, fimbo haiko mbali. Niliwahi kuletewa kijibwa aliyevunjwa taya, na mwenye mbwa akaniapia kwamba yule mkubwa alimng'ata ghafla, bila dalili yoyote. Tulipozungumza kwa utulivu ilibainika kwamba mbwa huyo alikuwa amenguruma kwa wiki kadhaa na kuchapwa kila mara, hadi akaacha kunguruma. Dalili zilikuwepo, zikazimwa kwa fimbo. Naomba Baba Neema ayasikie haya kutoka kwangu, si kama lawama, kwani alichofanya ndicho ambacho wengi wetu tulifundishwa nyumbani tulikolelewa, bali kama sababu ya kuweka ndala na fimbo kando kuanzia leo.

Sasa tulitazame lile tukio la Jumamosi, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo. Mbwa wa ukubwa wa Simba akikusudia kumuua kijibwa wa kilo tatu au nne, haishii kwenye mate kichwani. Mbwa mkubwa anayemrudi mdogo hufanya makelele mengi kwa muda mfupi sana, hufungua kinywa bila kubana meno, na huacha papo hapo mdogo anapolia au kulala chali. Shambulio la kweli huwa na sura nyingine: mbwa mkubwa hukakamaa, humkodolea mdogo macho bila kupepesa, mara nyingi huenda kimya, humshika na kumtikisa, na haachi hata mdogo anaposalimu amri. Mkiwahi kuona hayo ya pili, watenganisheni kabisa na mtafute msaada wa daktari siku hiyohiyo. Ulichokieleza ni kile cha kwanza, tena juu ya bakuli la chakula, mahali ambapo hata mbwa mpole hukumbuka haki yake. Iwapo siku moja watashikana kweli, msiingize mikono katikati. Wamwagieni ndoo ya maji, au gonganisheni masufuria, au watupieni blanketi zito, kisha kila mmoja avutwe upande wake.

Kuna sentensi moja katika barua yako ambayo uliiandika kama kitu cha pembeni, nami kwangu ndiyo kiini: Simba kuinuka kwa miguu ya mbele, kutulia, kisha ile ya nyuma kufuata ikitetemeka. Kwa mbwa mkubwa wa miaka tisa, hasa mwenye damu ya jamani shepadi, mara nyingi hiyo ni dalili ya maumivu ya viungo, na baridi ya Juni hadi Agosti huyazidisha. Sasa fikiria nyonga zinazouma, kisha kiumbe chenye meno membamba kama sindano kinakurukia kila unapopata usingizi. Mbwa wengi ambao wenyewe huniambia wamekuwa wakali uzeeni huwa wanaumwa. Kwa hiyo Simba amwone daktari wiki hii, na daktari huyo awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Aguswe nyonga, magoti na uti wa mgongo, na atazamwe meno pia, maana jino bovu humfanya mbwa abakize chakula. Akithibitika kuwa na ugonjwa wa viungo, zipo dawa za mbwa zinazomfaa. Nakusihi usimpe dawa za maumivu za binadamu: ibuprofen na diclofenac huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo. Wakati mnamsubiri daktari, ongezeni unene wa malazi yake. Gunia moja juu ya saruji halitoshi mwezi wa Julai. Wekeni godoro kuukuu juu ya mbao zilizoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, mahali pasipopigwa na upepo.

Chapati naye apelekwe safari hiyohiyo, akiwa ndani ya katoni, bila kuwekwa chini katika chumba cha kungojea. Chanjo isiyo na kadi hesabuni kwamba haikutolewa. Daktari atakadiria umri wake kwa kutazama meno, na sitashangaa ikibainika kwamba aliuzwa kabla ya kutimiza wiki nane, jambo ambalo ni la kawaida mno katika biashara ya kando ya barabara jijini. Kati ya wiki ya tatu na ya nane ndipo mtoto wa mbwa hujifunza kupima nguvu ya meno yake: anapomng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukoma, anapomzidia mama, mama huinuka na kuondoka. Aliyetolewa mapema hukosa somo hilo, na huja nyumbani kwako aking'ata kama Chapati anavyong'ata. Nalisema hili ili msimchukie kijibwa pia. Somo hilo bado anaweza kulipata, na mwalimu bora mlishampata miaka tisa iliyopita.

Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoweza kuua watoto wa mbwa, huanza akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo haliwezekani bila boma moja moja kufanya sehemu yake. Tazameni pia Simba alichanjwa mara ya mwisho tarehe gani. Dawa ya minyoo wapewe wote wawili, kwa kuwa minyoo ya watoto wa mbwa huweza kumwingia Neema anayecheza naye, na kupe wadhibitiwe kwa mbwa wote kwa wakati mmoja. Mkiona Chapati anatapika au anahara damu, msingoje asubuhi. Na Neema akikwaruzwa na meno hadi ngozi ikapasuka, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Baada ya hapo tuanze upya, kana kwamba hawajawahi kuonana. Kwa siku tatu au nne wasikutane kabisa. Simba awe uani, Chapati awe ndani, na wakati wa Chapati kwenda haja uani, Simba awe amewekwa upande mwingine wa nyumba. Kila siku badilishaneni vitambaa vyao: kile alicholalia Chapati kiwekwe karibu na bakuli la Simba wakati anakula, na cha Simba kipelekwe stoo. Mbwa hujuana kwa pua kabla ya macho, na mnataka harufu ya kijibwa imfikie Simba pamoja na chakula, wala si pamoja na fimbo.

Mkutano wa kwanza usifanyike nyumbani. Mahali pengine ushauri hutolewa kwamba mbwa wawili wakutanishwe barabarani au katika bustani ya umma, lakini kwa kijibwa ambaye hajamaliza chanjo ushauri huo ni hatari hapa Nairobi, kwa sababu virusi vya parvo huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi na huwezi kujua ni mbwa gani alipita hapo kabla yako. Ombeni uani kwa ndugu au jirani asiye na mbwa, ambako hapajawahi kuwa na mbwa mgonjwa, na pawe pageni kwa wote wawili. Wewe umshike Simba kwa kamba iliyolegea, Baba Neema amshike Chapati, naye Neema abaki nyumbani siku hiyo. Msiwaelekezane nyuso. Tembeeni upande mmoja, kama watu wanaokwenda sokoni kwa njia mbili zinazokwenda sambamba, mkiacha nafasi ya mita tano hivi. Simba anapomtazama kijibwa kisha akageuza macho bila kukakamaa, mpe kipande cha maini yaliyochemshwa, kidogo kama ukucha. Nafasi ipunguzwe taratibu, na mkiona Simba amekakamaa au ameweka mkia juu kama fimbo, rudini nyuma hatua chache. Akitaka kumnusa, amnuse kwa kuhesabu moja hadi tatu, kisha mmwite na mwendelee kutembea. Dakika kumi zinatosha. Ni afadhali muondoke wote wakiwa watulivu kuliko kungoja wafurahi.

Nyumbani, kabla hawajaingia, ondoeni uani bakuli, mifupa na kila kitu ambacho Simba anaweza kukilinda. Kila mmoja ale mahali pake, mlango ukiwa umefungwa katikati, na bakuli liondolewe anapomaliza. Utaratibu huu si wa wiki moja, nashauri uendelee muda wote watakaoishi pamoja. Wakutane mara tatu au nne kwa siku, dakika kumi kila mara, na Chapati awe amekwisha kula na kulala, kwa sababu kijibwa aliyechoka hung'ata zaidi, sawa na mtoto mwenye usingizi anavyolialia. Watoto wa mbwa hulala hadi saa kumi na nane au ishirini kwa siku, na wengi wanaoitwa watukutu wamekosa usingizi tu. Chapati aburute kamba nyepesi iliyofungwa kwenye ukosi wake. Anapojining'iniza kwenye shingo ya Simba, msingoje Simba aanze kunguruma. Vuta kamba taratibu, mwondoe, mpe kitu cha kutafuna. Hiyo ndiyo kazi ambayo Simba amekuwa akiifanya peke yake, na anayestahili kuifanya ni mtu. Akinguruma kabla hujawahi, usimkemee. Muite kijibwa, mwondoe, na Simba aone kwamba mngurumo wake umesikika. Naye Simba lazima awe na sehemu ambayo kijibwa hafiki kamwe. Mbao mbili zilizopigwa misumari kuzunguka tangi, za urefu ambao Simba anauvuka kwa hatua moja, zitatosha kwa sasa.

Siku moja mtaona Simba ameinamisha kifua hadi chini, makalio yakiwa juu, mkia ukizunguka. Huo ni mwaliko wa kucheza. Wengine hawafiki hapo, hasa wenye viungo vinavyouma, na si kosa. Mbwa wawili wanaolala uani kila mmoja na kivuli chake, bila kusumbuana, wanaishi vizuri. Kuna nyumba ambazo hilo huchukua siku kumi, na nyingine miezi miwili.

Machakos, hapana. Mbwa wa miaka tisa mwenye maumivu akihamishwa kutoka boma analolijua kila kona, akaachwa kwa watu anaowaona Krismasi tu, huteseka kuliko tunavyodhani. Ikiwa baada ya miezi miwili ya kufuata haya kwa uaminifu bado Simba hapati amani, basi atafutiwe makao mapya Chapati, kwa watu mnaowajua, maana mtoto huzoea mahali papya kwa urahisi. Asirudishwe barabarani.

Kuhusu ulinzi, mwambie Baba Neema kwamba hesabu yake ya mwanzo ilikuwa sahihi. Kijibwa hujifunza kwa mkubwa ni mlio gani wa lango wa kubwekewa na ni upi wa kuachwa. Ila mwalimu aliyefungwa mnyororo hafundishi, na Chapati hatakuwa mlinzi wa maana kabla ya kupita mwaka mmoja. Hadi angalau amalize chanjo zake, alale ndani usiku. Akifika miezi minne au mitano uvumilivu wa Simba utapungua tena, kwa kuwa mbwa wakubwa humsamehe mtoto mambo ambayo hawamsamehei kijana. Kwa kuwa nadhani wote ni madume, zungumzeni na daktari mapema kuhusu kumhasi Chapati, na wakati huo ukifika rudieni kamba na mikutano mifupi bila kuhofu kwamba mmeanza vibaya.

Na Neema apewe kazi. Kila jioni akitoka shule, Chapati akiwa amefungiwa stoo na kitu chake cha kutafuna, akae na Simba karibu na tangi kwa dakika kumi, wewe ukiwa karibu, amchane manyoya kwa brashi kuanzia shingoni kuelekea mgongoni, bila kugusa nyonga mpaka daktari aseme haziumi. Muda huo uwe wa Simba peke yake, na siku mkia utakapoanza kutikisika tena, Neema ndiye atakayekuja jikoni kukuambia.